Vitu vya Jikoni Tu

Mtoto akila udongo wa kuchezea uliopikwa nyumbani, usicheke. Mwanamke mmoja alicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kikubwa, cha kupitisha tu pumzi puani huku mikono ikiendelea na kazi.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Shule ya chekechea iliagiza makopo arobaini na nane kwa kesho yake, na mezani yalikuwa yamejaa makopo thelathini na moja. Majirani walimwita Mama Rangi kwa sababu ya mikono yake. Leo ni myekundu, kesho ya kijani, na hata akienda kutoa pole msibani huiingiza kwanza ndani ya mtandio. Mume wake ni fundi baiskeli, naye mikono yake ni myeusi kwa grisi, kwa hiyo watu wa mtaa walikuwa wakisema nyumba ile wakipigana makofi huwezi kuficha nani kampiga nani.

Udongo ule si udongo. Ni unga wa ngano, chumvi, mafuta kidogo, maji ya ndimu na rangi ya keki. Unakorogwa kwa mwiko juu ya moto mdogo mpaka donge linaacha kushika sufuria, halafu unaukanda ungali moto hadi unakuwa laini kama ndewe ya sikio. Watoto hufinyangia nyoka, vikombe, nyumba zisizo na milango. Mama Rangi aliuweka kwenye makopo ya siagi yaliyooshwa vizuri, akabandika karatasi juu.

Mwanzoni ulikuwa ukiota ukungu. Wateja walirudisha makopo, mmoja akamfungulia kopo mbele ya watu na kumuuliza kama haya manyoya ni ya paka. Siku hiyo akarudi nyumbani akaongeza chumvi, kikombe cha unga kwa kikombe cha chumvi, na ukungu ukakoma. Lakini unga ukikaa hunuka, hivyo akatia na vanila. Tangu hapo kopo likifunguliwa, mtu aliyepita nje anageuza shingo akidhani kuna keki.

Kwa wenye wasiwasi alikuwa na neno lake moja. Alilisema mlangoni, alilisema sokoni, alilisema shuleni mbele ya mwalimu: "Chukua tu, mama. Hata mtoto akilamba, hakuna neno. Ni vitu vya jikoni tu."

Hakuwa akidanganya. Ndivyo alivyoamini.

Mtoto wake mdogo alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu. Bibi, yaani mama mzazi wa Fundi, alimpa jina la Kibuzi, kwa kuwa alipenda chumvi kama mbuzi. Ukimbeba siku ya joto atakulamba shingo. Bibi alikuwa akisema huyu tutamfunga kamba tumpeleke malishoni, tuondokane na gharama za chakula. Nyumba nzima ilimcheka, naye akicheka nao.

Asubuhi ile dada yake wa miaka saba hakwenda shule, alikuwa na kikohozi. Mama akamwambia amshike mdogo wake wasimsumbue. Wakaingia chini ya meza wakacheza hoteli. Dada alikuwa mpishi, Kibuzi mteja. Dada akafinyanga keki tano za rangi ya waridi, kila moja kama yai la njiwa, akazichora juu kwa uma. Mteja akala. Ya kwanza alikunja uso. Kisha akanyoosha mkono.

Dada alipoona ni kweli inaliwa, si ya mchezo, akatoka chini ya meza akamwambia mama yake. Mama akauliza ngapi.

"Tatu. Na hii."

Akamwonyesha ya nne. Ilikuwa imeumwa, alama za meno zimekaa vizuri, juu nne, chini nne. Hapo ndipo mama alipocheka ile pumzi ya puani. Akasema leo huyo atamaliza mtungi wa maji, na kwamba asipewe tena. Kile kipande akakichukua, na kwa kuwa udongo hautupwi, akakikanda ndani ya donge kubwa la waridi. Zile alama za meno zikapotea. Akaendelea kujaza makopo.

Saa tano Kibuzi alitapika. Matapishi yalikuwa na rangi ya waridi, mama akayamwagia maji upesi, akafuta sakafu. Mtoto akaomba maji, akanywa kikombe, akatapika, akaomba mengine. Alilia kilio cha kukwaruza, hataki kubebwa, hataki kuwekwa chini.

Bibi aliingia kutoka dukani akakuta hali hiyo. Hakuuliza mengi. Aliwahi kulea watoto sita, na mtoto anayetapika alijua dawa yake. Akachemsha maji, akayapooza, akatia sukari, halafu akafungua mkebe wa chumvi.

Mama Rangi aliviona vidole vitatu vya Bibi vikiingia kwenye mkebe. Kitu kikamgusa moyoni, kitu kisicho na jina, kikapita. Akasogeza kiti ili Bibi akae vizuri amnyweshe mtoto. Habari ya keki hakumwambia. Aliona kama ni jambo dogo, na tena Bibi ni mtu wa kulisema jambo dogo mpaka mwezi uishe.

Kibuzi alikunywa yale maji yote. Yalikuwa na chumvi, na yeye alipenda chumvi.

Zahanati ilikuwa na benchi moja refu na dirisha moja. Unasimama dirishani, muuguzi yuko ndani, na aliye mwisho wa benchi anasikia kila unachoumwa. Mama Rangi alifika saa saba, mtoto mgongoni, Dada akimfuata nyuma na chupa ya maji. Kwenye benchi alikuwapo mwalimu wa chekechea, amekuja kuchukua dawa za presha.

Mwalimu alimpa pole ya mtoto. Halafu akauliza makopo yao vipi, maana watoto wameshaambiwa na wanahesabu saa.

"Yako tayari, mwalimu. Nimebakiza kufunika tu."

"Na ile harufu umetia? Wanangu wanaipenda."

"Nimetia."

Muuguzi akamwita. Akampima mtoto joto, akamvuta ngozi ya tumbo, akamtazama ulimi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watu ishirini nyuma yake na kalamu isiyoandika vizuri, anaikwaruza kwenye kiganja. Akauliza bila kuinua macho mtoto amekula nini leo.

Dada akainua uso kumtazama mama yake.

Mwalimu alikuwa hatua mbili nyuma. Nyumbani meza ilikuwa imejaa. Mama Rangi alifikiri kwa muda usiotosha kuhesabu mpaka tatu. Alifikiri kwamba ni unga na chumvi, vitu ambavyo hata muuguzi mwenyewe anavyo jikoni kwake. Alifikiri kwamba akisema neno udongo mbele ya benchi lile, kesho hakuna mzazi atakayefungua kopo.

"Mkate na chai," akasema.

"Kingine?"

"Hakuna."

Muuguzi akampa pakiti nne za unga wa kuchanganya na maji, akamwambia ampe kila akitapika, na asiache. Ndani ya pakiti zile kuna sukari na chumvi. Kwa mtoto mwingine yeyote kwenye benchi lile ingekuwa dawa sahihi. Muuguzi alitibu kile alichoambiwa, na wewe unayesoma usimlaumu.

Njiani Dada alimvuta mama yake nguo. Mama akamwambia atembee.

Saa tisa mtoto alinyamaza. Bibi akasema ashukuriwe Mungu, amepata usingizi, hata wakapunguza sauti za masufuria. Mama Rangi akafunika makopo yote arobaini na nane, akayapanga safu sita za manane, akaitazama kazi yake. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akanawa mikono.

Aliporudi chumbani, mkono wa kushoto wa Kibuzi ulikuwa ukirukaruka peke yake juu ya shuka. Mtoto macho wazi, lakini hamtazami mtu. Alimwita. Bibi naye akamwita kwa jina lake la mbuzi, akamlilia kama mbuzi, mchezo ambao haujawahi kushindwa kumfanya acheke. Mkono tu ndio ulioendelea.

Fundi aliitwa kutoka kibandani kwake. Alikuja na teksi ya jirani, grisi mpaka kwenye viwiko. Saa kumi walikuwa hospitali kubwa.

Damu ilitolewa, mtoto akapelekwa ndani ya pazia. Wao wanne wakakaa ukumbini kwenye viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja, kwamba mmoja akitikisika wote wanatikisika. Bibi ndiye alikuwa akitikisika.

Daktari alikuwa msichana, pengine mdogo kuliko Mama Rangi. Akatoka na karatasi, akachuchumaa mbele yao ili asiongee kwa sauti. Akasema chumvi iliyomo kwenye damu ya mtoto ni nyingi kupita kiasi, na haiwezi kutoka kwenye chakula. Ubongo unakauka kwa chumvi. Dawa yake ni maji, lakini yakiingia haraka ubongo unavimba, na yakichelewa unaharibika. Kwa hiyo lazima ajue mtoto amepewa chumvi kiasi gani, na saa ngapi. Asipojua, atakuwa anakisia.

"Nani amempa?" akauliza.

Fundi akamgeukia mama yake. Akamuuliza yale maji aliweka chumvi kiasi gani.

"Vidole vitatu, mwanangu."

"Vidole, au kiganja?"

"Vidole vitatu. Kama nilivyokufanyia wewe."

Fundi akasema macho yake siku hizi hayaoni vizuri, juzi alitia sabuni ya unga kwenye chai akidhani sukari. Alisema polepole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kupiga kelele. Bibi akavitazama vidole vyake vitatu, vimekutana ncha, kama bado vimeshika kitu. Daktari akaanza kuandika. Akasema kuna watu wa ustawi wa jamii watataka kuongea na mama mzee, si kwa ubaya, ndio utaratibu mtoto akiwekewa sumu.

Neno sumu lilipita ukumbini, mtu wa viti vya nyuma akageuka.

Mama Rangi alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwa mama mkwe wake. Alisikia yote. Si kwamba alitaka yule mzee aumie. Mdomo ulikuwa mzito tu, kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino na ganzi haijatoka. Alikuwa anaona meza nyumbani, safu sita, vifuniko vimebana. Aliona rangi ya waridi kwenye kucha zake, ile ambayo sabuni haikuitoa. Akaikunja mikono kwenye mtandio.

Dada alishuka kwenye kiti chake. Alipita mbele ya baba, akapita mbele ya mama, akaenda kusimama kwa Bibi na kuvishika vile vidole. Alimtazama mama yake, basi.

"Niandike mimi, daktari," Bibi akasema. "Uzee hauna macho. Labda nilikosea. Niandike, mtoto atibiwe."

Daktari akauliza basi aandike vijiko vingapi, viwili? Bibi akasema aandike viwili. Hakuwa anajua. Alikuwa tayari kukubali idadi yoyote ili maji yaanze kuingia.

Vijiko viwili. Mama Rangi alizisikia herufi zikikwaruza karatasi. Na kwa sababu kupima ilikuwa kazi yake, alijua kwamba kipimo hicho si sahihi, na kwamba mtoto atatiwa maji kwa kipimo cha uongo.

"Si yeye," akasema.

Sauti ilikuwa ya kawaida, kama anamtajia mteja bei.

"Ni keki za udongo wa kuchezea. Alikula tatu na kipande cha nne. Saa tatu asubuhi. Kikombe cha unga kwa kikombe cha chumvi."

Daktari akaacha kuandika. Akauliza keki ya ukubwa gani. Mama Rangi akatazama huku na huku, akaona pamba kwenye sinia la muuguzi aliyekuwa akipita, akaomba kidogo. Akaiviringisha viganjani mizunguko mitatu, akaibonyeza, akaiweka mkononi mwa daktari. Ilikuwa sawasawa, mtu angeweza kuipima kwa rula. Akafinyanga ya pili, na ya tatu, na kipande.

"Ulijua lini?"

"Tangu asubuhi."

"Zahanati uliwaambia?"

"Hapana."

Daktari aliondoka na zile pamba mkononi, anakwenda haraka. Fundi alisimama, akatoka nje, wakamwona kupitia kioo akiwa amesimama kwenye maegesho karibu na baiskeli ya mtu, ameshika mpini wake tu. Bibi alibaki na vidole vyake vimekutana ncha. Wanasema majuto ni mjukuu, lakini ya Bibi hayakuwa yake tena, naye alikuwa hajajua bado kwamba anaweza kuvikunjua vile vidole.

Siku ya nne Kibuzi aliamka. Alimtambua baba yake, alimtambua Bibi. Maneno aliyokuwa nayo, kama thelathini hivi, yalibaki manne. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala.

Kabla ya hapo, siku ya pili, makopo yalikuwa yameshaondoka. Mlinzi wa shule alikuja asubuhi na mkokoteni, jirani aliyeachiwa ufunguo akampa yote, maana alijua yanasubiriwa. Ndani ya kopo mojawapo kulikuwa na kile kipande cha alama za meno, hakuna tena ajuaye ni lipi. Mama Rangi alipata habari akiwa hospitali. Akatoka na nguo zilezile mpaka getini shuleni, akakuta watoto wanatoka, kila mmoja na kopo lake kifuani.

Mwalimu alimsikiliza. Alipomaliza, mwalimu akasema jambo moja tu, kwamba siku ile yeye alikuwa hatua mbili nyuma yake, na kwamba Mama Rangi angeweza kusema palepale. Kisha akaingia ndani.

Mama Rangi akasimama getini akawaambia wazazi mmoja mmoja. Kwamba aliwaambia hata mtoto akilamba hakuna neno, na si kweli. Kwamba chumvi ya keki tatu inatosha kumlaza mtoto mdogo. Kwamba mtoto akila wasicheke, na wasimpe maji ya chumvi, wampeleke hospitali na kopo lenyewe mkononi, na waseme. Mzazi mmoja alidai pesa yake na alipewa. Mwingine akasema wa kwake hulamba kila siku na hajambo, biashara ikikushinda usitutie presha. Mama mmoja kijana alimuuliza kama aliyekula ni mtoto wake mwenyewe, na aliposikia ndiyo, akamwachia kopo miguuni bila kumkaribia, kama anavyoachiwa mtu mwenye ugonjwa.

Yalirudi arobaini na tatu. Matano hayajarudi mpaka leo. Ni makopo ya siagi, ya manjano, karatasi juu, yananuka vanila.

Nyumbani mkebe wa chumvi ulihamia juu ya kabati. Hakuna aliyeuhamisha kwa kutangaza. Chakula kilikuwa hakina ladha, na hakuna aliyeuliza. Fundi alirudi kibandani kwake. Huongea na mke wake mambo ya lazima, kwamba mkaa umekwisha, kwamba kliniki ni Alhamisi. Bibi hakulisema jambo lile, si mpaka mwezi uishe, wala siku moja. Mama Rangi angependelea lisemwe.

Alhamisi walikwenda wao watatu, Bibi, mama na mtoto. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa kijana mchangamfu, hakuwa amesoma faili. Akaukunjua mkono wa Kibuzi, kidole kimoja kimoja, akasema una nguvu zake bado, unataka kuamshwa tu. Akawaambia wamtafutie udongo wa kuchezea, ule laini wa rangi, aminye mara ishirini kila siku. Hata mitaani kuna akina mama wanautengeneza, akasema, na si ghali.

Mama Rangi alitazama ukuta. Kulikuwa na picha ya mifupa ya mkono.

"Tutautafuta," Bibi akajibu.

Waliporudi, Mama Rangi alichukua jembe akaenda nyuma ya nyumba, kwenye mtaro, akachimba mpaka alipoukuta udongo wenyewe, wa kijivu, wa ardhi. Akautoa mawe. Akaukanda na maji matupu. Haukuwa na harufu ila ya ardhi. Akaukanda muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

Wakakaa sakafuni, mtoto katikati. Dada alikuwa mlangoni. Tangu siku ile hapiti chini ya ile meza, na akiitwa kucheza anasema ana kazi ya shule. Bibi akaliweka donge kwenye kiganja cha kushoto cha Kibuzi, akamfunika vidole na mkono wake. Kidole kimoja kikaingia kwenye udongo, cha shahada. Vingine vikalala. Wakamsubiri. Kikaingia tena. Baadaye kidogo, tena.

Halafu Kibuzi, kwa mkono wa kulia ulio mzima, akamega kipande na kukipeleka mdomoni.

Mikono miwili ilikwenda kwa pamoja. Wa Bibi ulifika kwanza. Akaushika ule mkono, akakitoa kipande, akamfuta midomo kwa ncha za vidole. Kulikuwa na joto, Bibi alikuwa ametoka jasho. Kibuzi akavishika vile vidole vitatu akavilamba, kimoja kimoja, kama zamani.

Mama Rangi akainama. Bibi hakuuvuta mkono. Alimwacha mtoto amalize, kisha akajifuta kwenye nguo na kulirudisha donge pale kiganjani.

"Mama watoto," akasema. Hakuwa amemwita hivyo tangu hospitali. "Wewe ndiye unayehesabu. Ameminya ngapi?"

"Tatu."

"Basi bado kumi na saba," Bibi akasema. "Sogea. Mshike bega."